Biashara huria au kulinda soko la ndani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji anayetaka kuelewa hesabu na siasa zilizo nyuma ya kila tangazo la ushuru. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: mara nyingi kufungua soko kuna faida kubwa kuliko kulifunga, lakini faida hiyo haigawanyiki sawa, na anayepuuza waliopoteza ataamka siku moja akute soko limefungwa tena. Kulinda kiwanda kunaweza kuwa na maana iwapo kuna tarehe ya mwisho na kipimo cha kufaulu. Bila hivyo viwili, ni zawadi inayolipwa na wanunuzi.

Maneno haya mawili yana maana gani hasa?

Biashara huria ni pale bidhaa ya nje inapoingia sokoni bila kutozwa zaidi ya ile ya ndani na bila kuwekewa ukomo wa idadi. Kulinda soko ni serikali kuingilia kati ili bidhaa ya ndani ipate nafuu dhidi ya ile ya nje. Hakuna nchi iliyofungua kila kitu, wala iliyofunga kila kitu. Kwa hiyo swali lenye maana ni bidhaa ipi inalindwa, kwa kiwango gani, kwa muda gani, na nani anabeba gharama.

Serikali hutumia njia zipi kulinda soko?

Iliyo wazi kuliko zote ni ushuru wa forodha, unaotozwa ama kwa asilimia ya thamani ama kwa kipimo, kwa mfano kiasi fulani kwa kila kilo. Inafuata kwota, yaani ukomo wa idadi inayoruhusiwa kuingia kwa mwaka. Kuna pia mchanganyiko wa hizo mbili: tani za mwanzo huingia kwa ushuru mdogo, zinazozidi hutozwa ushuru mkubwa. Halafu kuna ruzuku, leseni za uagizaji, na masharti kwamba serikali inunue bidhaa za ndani tu.

Zinazosumbua zaidi ni zile zisizoitwa ushuru. Oktoba 1982 Ufaransa iliamuru mashine zote za kurekodi video kutoka nje, nyingi zikiwa za Japani, zipitie kituo kimoja kidogo cha forodha katika mji wa Poitiers, mbali na bandari. Maofisa walikuwa wachache, na walitakiwa kufungua masanduku na kuhakikisha kwamba maelekezo yameandikwa kwa Kifaransa. Kiwango cha ushuru hakikupanda hata kidogo, lakini mzigo ulirundikana na mashine zilizofika madukani zikapungua. Ndiyo maana mfanyabiashara mzoefu huuliza muda wa kutoa mzigo kabla ya kuuliza asilimia.

Ushuru unakokotolewaje mzigo unapofika?

Hatua ya kwanza ni kuitambua bidhaa kwa namba yake katika Mfumo wa Uwiano (HS) unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile karibu duniani kote: 2 za sura, 2 za kichwa, 2 za kifungu. Kila nchi huongeza tarakimu zake baada ya hapo.

Hatua ya pili ni thamani. Nchi nyingi hutumia bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Marekani haihesabu nauli na bima ya kimataifa. Hatua ya tatu ni kodi za ndani, na hapa wengi hukosea, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kujumlishwa na ushuru. Chukua mzigo wa dola 10,000, nauli na bima dola 1,200. Thamani ya forodha ni 11,200. Ushuru wa asilimia 25 ni 2,800, jumla 14,000. Kodi ya ongezeko la thamani ikiwa asilimia 18, inatozwa juu ya 14,000 na kuwa 2,520. Mzigo sasa umefika 16,520 kabla ya malipo ya wakala na ghala.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kuchukua namba ya HS iliyoandikwa na muuzaji bila kuihakiki: tofauti ya kifungu kimoja yaweza kuwa tofauti kati ya asilimia 0 na 25, na adhabu humwangukia mwagizaji. La pili ni kudhani kwamba bei ya ankara lazima ikubaliwe. Forodha wakiwa na shaka ya msingi juu ya ukweli wa ankara, watataka ushahidi zaidi, na wasiporidhika watatumia njia nyingine za kuthamini.

Nani hasa anaulipa ushuru? Si nchi ya nje?

Anayeandika hundi ni mwagizaji wa ndani. Swali la uchumi ni kama muuzaji wa nje atapunguza bei yake ili kubeba sehemu ya mzigo. Nchi ndogo haina uzito wa kumlazimisha: bei ya dunia haitikisiki, na ushuru wote hushukia wa ndani. Nchi kubwa mno kama Marekani yaweza kuishusha bei ya dunia kidogo, na kwa nadharia ikapata faida kwa gharama ya wengine, alimradi hao wengine wasilipize.

Ushahidi wa ushuru wa Marekani wa 2018 na 2019 ulikuwa mkali kuliko wengi walivyotarajia: tafiti kadhaa zilikuta kwamba karibu ushuru wote ulibebwa na waagizaji na wanunuzi wa Marekani yenyewe. Mfano wa mashine za kufulia unaeleza mengi. Zilipowekewa ushuru wa dharura mwaka 2018, bei zilipanda kwa takriban asilimia 12. Mashine za kukaushia nguo nazo zikapanda kiasi hicho hicho, ingawa hazikutozwa chochote, kwa kuwa wateja hununua zote mbili kwa pamoja, na wauzaji waliona njia ya kugawa ongezeko. Ajira mpya zilizohesabiwa zilikuwa kama 1,800, na gharama kwa wanunuzi ilizidi dola 800,000 kwa mwaka kwa kila ajira moja.

Tuonyesheni hesabu ya ushuru mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Bidhaa inauzwa dola 100 katika soko la dunia. Nchi ni ndogo. Kabla ya ushuru wananchi hununua vipande 1,000. Viwanda vya ndani hutengeneza 300, na 700 hutoka nje. Serikali inaweka asilimia 25. Bei inakuwa 125, na si kwa bidhaa ya nje peke yake, maana hakuna mwenye kiwanda cha ndani atakayeuza 100 wakati mshindani wake hawezi kushuka chini ya 125. Ununuzi unashuka hadi 900, uzalishaji wa ndani unapanda hadi 400, na uagizaji unabaki 500.

Wanunuzi wanapoteza dola 25 kwa kila kipande kati ya 900 walivyoendelea kununua, yaani 22,500, na hasara ya vile 100 walivyoacha kununua, ambayo ni nusu ya 25 mara 100, yaani 1,250. Jumla 23,750. Wenye viwanda wanapata 25 kwa vipande 300 vya zamani (7,500) na nusu yake kwa vile 100 vipya (1,250), jumla 8,750. Serikali inakusanya 25 mara 500, yaani 12,500. Jumlisha mapato ya wenye viwanda na ya serikali: 21,250. Dola 2,500 zimepotea bila kumfikia mtu yeyote.

Tazama uwiano wa namba hizi, kwa sababu ndani yake ndimo siasa yote ilimo. Hasara iliyopotea kabisa ni 2,500, lakini kiasi kilichohama mfuko mmoja kwenda mwingine ni 21,250. Ugomvi wa ushuru kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa mgawanyo, na wanaoueleza kama suala la ufanisi tu wanaacha nje sehemu iliyo kubwa zaidi.

Kwa nini wachumi huiona kwota kuwa mbaya kuliko ushuru?

Kwa sababu katika mfano wa juu zile 12,500 zilikwenda serikalini. Chini ya kwota zinakwenda kwa yeyote aliyepewa leseni. Kama leseni inatolewa bila mnada, mlango wa rushwa umefunguliwa. Na kama kwota inasimamiwa na nchi inayouza, fedha hizo zinabaki huko.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1981, Japani ilipokubali kwa shinikizo kuuza Marekani magari yasiyozidi milioni 1.68 kwa mwaka. Kampuni za Japani, zikiwa zimebanwa idadi, zilipandisha bei na kuanza kuuza magari makubwa yenye faida zaidi kwa kila moja. Pia zikajenga viwanda ndani ya Marekani: Honda ilianza kuunda magari Ohio mwaka 1982. Makubaliano ya aina hii ya “kujizuia kwa hiari” yamepigwa marufuku na Shirika la Biashara Duniani (WTO) tangu 1995.

Faida linganishi ni nini? Nchi isiyo hodari kwa chochote itauza nini?

Mchumi Mwingereza David Ricardo alilijibu mwaka 1817. Katika mfano wake, kipimo kimoja cha kitambaa kinahitaji kazi ya mwaka ya watu 100 Uingereza na 90 Ureno. Kipimo cha divai kinahitaji 120 Uingereza na 80 Ureno. Ureno inashinda kwa vyote viwili. Hata hivyo, zikibadilishana kipimo kwa kipimo, Uingereza inapata divai kwa kazi ya watu 100 waliofuma kitambaa badala ya 120, na Ureno inapata kitambaa kwa kazi ya 80 badala ya 90. Wote wameokoa kazi. Kinacholinganishwa ni kile ambacho kila nchi inaacha kutengeneza ili itengeneze kingine.

Mipaka ya hoja hii isifichwe. Inadhani mfumaji anaweza kuhamia kazi nyingine bila gharama, na haisemi faida itagawanywaje ndani ya nchi. Tena ni picha ya siku moja: inakuonyesha unachofanya vizuri leo, haikuambii unachoweza kujifunza kufanya baada ya miaka 15.

Kama hesabu inaonyesha hasara, kwa nini serikali zinaendelea kulinda?

Kwa sababu wanaopata ni wachache na wanapata kingi, wanaopoteza ni wengi na kila mmoja anapoteza kidogo. Kiwanda kinachopata mamilioni kitaajiri wanasheria, kitafadhili kampeni, kitapeleka wafanyakazi wake bungeni na mabango. Mnunuzi anayepoteza senti chache kwa kila kilo hataacha kazi zake kwenda kuandamana, na aghalabu hata hajui kwamba bei ina ushuru ndani yake.

Kundi la wanunuzi hushinda pale tu linapopata mwenye nguvu wa kusimama nalo. Sheria za Nafaka za Uingereza za 1815 zilizuia ngano ya nje mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota moja (kipimo cha zamani cha nafaka), na zikawanufaisha wenye ardhi. Zilifutwa mwaka 1846 kwa sababu wenye viwanda, wakiongozwa na watu kama Richard Cobden, walitaka chakula cha bei nafuu kwa wafanyakazi wao na masoko ya nje kwa bidhaa zao, na kwa sababu njaa ya Ireland ilimpa waziri mkuu Robert Peel msukumo wa mwisho. Chama chake kikagawanyika, naye akapoteza madaraka mwaka huo huo. Kisiasa, kufungua soko kuna gharama hata pale penye sababu nzuri.

Leo nguvu inayofanana na ile ni viwanda vinavyotumia malighafi ya nje. Ushuru wa chuma husaidia wayeyusha chuma, lakini wanaotumia chuma kutengeneza mashine, magari na makopo ni wengi mara kadhaa kwa idadi ya ajira. Ukitaka kujua kama ushuru wa malighafi utadumu, angalia kama watumiaji hao wamejipanga.

Biashara huria huua ajira?

Huua baadhi na kuzaa nyingine, mahali tofauti, kwa watu tofauti. Hapo ndipo uchumi wa vitabuni ulipojikwaa kwa muda mrefu. China ilijiunga na WTO Desemba 2001. Ajira za viwandani Marekani zilikuwa zaidi ya milioni 17 mwaka 2000, na kufikia 2010 zilikuwa chini ya milioni 12. Mashine na mdororo wa 2008 vina sehemu yao kubwa, lakini utafiti unaojulikana zaidi uliweka ajira zilizopotea kwa ushindani wa China kati ya 1999 na 2011 kuwa takriban milioni 2 hadi 2.4, ukihesabu na athari za pembeni.

Kilichoshtua zaidi ni kwamba watu hawakuhama. Miji iliyotegemea samani, nguo au viatu ilibaki na mishahara ya chini na watu wengi nje ya kazi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Mpango wa Marekani wa kuwasaidia wafanyakazi walioumizwa na biashara, ulioanzishwa 1962, uliwafikia wachache, na uliachwa ukome Julai 2022. Kwetu sisi hili ndilo kosa kubwa la watetezi wa soko huria: waliahidi kwamba washindi wangeweza kuwafidia walioshindwa, kisha wakaridhika na neno “wangeweza”.

Na viwanda vichanga je? Nchi tajiri si zilijilinda zenyewe kwanza?

Zilijilinda, na anayekana hilo hajasoma historia. Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa kwanza wa Marekani, aliiandikia nchi yake hoja hiyo mwaka 1791, mchumi Friedrich List akaijenga kwa Ujerumani mwaka 1841, na Marekani ilikuwa miongoni mwa nchi zenye ushuru mkubwa kabisa katika karne ya 19. Hoja yenyewe ni kwamba kiwanda kipya kina gharama kubwa kwa sababu bado kinajifunza. Kikikingwa kwa muda kitashusha gharama na kusimama chenyewe.

Tatizo ni kwamba kiwanda kilichokingwa hakina haraka ya kukua. Linganisha Korea Kusini na Brazili. Korea ililinda soko lake la ndani vikali, lakini kuanzia miaka ya 1960 mikopo nafuu ilifungamanishwa na mauzo ya nje: kampuni iliyoshindwa kufikia lengo la mauzo hayo ilihatarisha mkopo wake. Hyundai ilianza kutengeneza gari lake la Pony mwaka 1975 na mwaka uliofuata ilikuwa imeanza kuliuza Ecuador. Mteja wa Ecuador halazimiki kununua gari la Korea, kwa hiyo mauzo hayo ni mtihani ambao hauwezi kughushiwa. Brazili, kwa upande wake, ilitunga sheria mwaka 1984 ya kuhifadhi soko la kompyuta kwa kampuni za nyumbani. Mashine zilikuwa ghali na nyuma ya wakati, magendo yakashamiri, na kila kiwanda, benki na ofisi iliyohitaji kompyuta ikalipa gharama hiyo, mpaka hifadhi hiyo ilipoachwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kulinda kiwanda kichanga, dai mambo manne yaandikwe ndani ya sheria yenyewe: tarehe ya mwisho, ngazi za kushusha ushuru kila mwaka, kiasi cha bidhaa kitakachouzwa nje, na adhabu ya kutofikia kiasi hicho. Likikosekana la mwisho, mengine matatu huwa ni mapambo. Na pale inapowezekana, ruzuku inayoonekana katika bajeti ni bora kuliko ushuru, kwa sababu bunge litaipigia kura kila mwaka na kila mtu ataiona.

Kwa nini kiwanda kilicholindwa kwa asilimia 25 wakati mwingine husema hakilindwi?

Huenda kinasema kweli. Kinachohitaji kupimwa ni ulinzi wa thamani ambayo kiwanda chenyewe kinaongeza. Shati lina bei ya dunia ya dola 100, na ndani yake kuna kitambaa, vifungo na uzi wa dola 60. Kiwanda kinaongeza 40. Ushuru wa shati ukiwa asilimia 25 na wa malighafi 0, shati linauzwa 125, na kiwanda kinabaki na 65. Ulinzi halisi ni 25 kwa 40, yaani asilimia 62.5. Sasa geuza: shati asilimia 10, malighafi asilimia 35. Shati ni 110, malighafi ni 81, kiwanda kinabaki na 29. Ulinzi halisi ni hasi, asilimia 27.5 chini ya sifuri. Serikali inayolinda wafumaji wa kitambaa bila kupiga hesabu hii inaweza kuua washonaji bila kukusudia.

Nakisi ya biashara si dalili kwamba nchi inaibiwa?

Hapana. Nakisi ya jumla inatokana na nchi kutumia na kuwekeza zaidi ya inavyoweka akiba. Tofauti hujazwa na mitaji kutoka nje. Yaweza kuwa dalili njema au mbaya, kutegemea fedha hizo zimefanya nini. Ushuru kwa kawaida hauigusi sana, kwani thamani ya sarafu hupanda na wauzaji wa nje huumia. Mchumi Abba Lerner alionyesha mwaka 1936 kwamba, katika hali fulani, ushuru wa jumla kwa uagizaji una athari sawa na kodi kwa mauzo ya nje.

Nakisi na nchi moja moja ina maana ndogo zaidi. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru “wa kujibu” uliokokotolewa kwa kugawa nakisi yake na kila nchi kwa thamani ya bidhaa ilizonunua huko, kisha kuchukua nusu. Lesotho, nchi ndogo inayouza nguo na almasi na isiyo na uwezo wa kununua bidhaa nyingi za Marekani, ikaangukia asilimia 50, kati ya viwango vya juu kabisa katika orodha. Siku chache baadaye viwango hivyo vilisimamishwa kwa siku 90, lakini kasoro ya kanuni ilikuwa imekwisha kuonekana: ilipima umaskini wa mnunuzi ikauita vikwazo vya biashara.

Nini hutokea nchi nyingine zikilipiza?

Kulipiza hulenga siasa kuliko uchumi. Sheria ya Smoot-Hawley ya Marekani, iliyotiwa saini Juni 1930 ingawa wachumi 1,028 waliomba ikataliwe, ilipandisha ushuru wa mayai kutoka senti 8 hadi 10 kwa dazeni. Kanada, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa mayai ya Marekani, ikapandisha wake kutoka senti 3 hadi hizo hizo 10. Mauzo ya mayai ya Marekani kwenda Kanada yakaporomoka. Wafugaji waliolindwa dhidi ya mayai machache ya nje walipoteza soko kubwa zaidi walilokuwa nalo nje. Sheria hiyo haikuleta Mdororo Mkuu peke yake, maana benki na sera ya fedha zilikuwa na mkono mkubwa zaidi, lakini ilichochea mfululizo wa kulipizana ambao dunia ilihitaji miaka mingi kuufungua.

Machi 2002 Marekani iliweka ushuru wa hadi asilimia 30 kwa chuma. Umoja wa Ulaya uliandaa orodha ya kulipiza iliyokuwa na machungwa ya Florida, jimbo lenye uzito katika uchaguzi. Ushuru uliondolewa Desemba 2003. Mwaka 2018 China iliweka asilimia 25 kwa soya ya Marekani, na serikali ya Marekani ikatangaza misaada kwa wakulima ya hadi dola bilioni 12 mwaka huo na hadi bilioni 16 mwaka uliofuata. Fedha hizo ni gharama ya ushuru, ingawa haziandikwi kwenye ukurasa wake.

Sheria za WTO zinaruhusu nini?

Zinaruhusu mengi kuliko inavyosemwa. Kila mwanachama ana kiwango cha juu alichoahidi kutokipita kwa kila bidhaa aliyoiwekea ahadi, na kiwango anachotoza kwa kweli, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko kile. Kati ya hivyo viwili anaweza kupanda na kushuka bila kuomba ruhusa, alimradi asibague kati ya wanachama.

Nje ya hapo kuna njia tatu: dhidi ya ruzuku za nje, dhidi ya bidhaa zinazouzwa nje kwa bei ya chini kuliko kwao, na hatua za dharura uagizaji unapofurika. Njia ya pili ndiyo inayotumika zaidi. Ombi lazima liungwe mkono na wazalishaji wanaofikia angalau asilimia 25 ya uzalishaji wote wa ndani, na wanaounga mkono wawazidi wanaopinga. Uchunguzi umalizike ndani ya miezi 12, na usipite 18. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, shauri linafungwa. Ushuru ukiwekwa hukoma baada ya miaka 5 isipokuwa mapitio yaonyeshe madhara yatarudi.

Maombi mengi hukwama mahali pamoja: hesabu za kiwanda. Mwombaji analinganisha bei ya rejareja huko na bei ya bandarini hapa, badala ya bei mbili za mlangoni mwa kiwanda. Au anaonyesha hasara bila kutenganisha ile iliyoletwa na mitambo yake ya zamani. Hatua za dharura hazihitaji kuthibitisha udanganyifu wowote, ila hugusa nchi zote zinazouza, hulegezwa hatua kwa hatua, na hudumu miaka 4, ikiongezwa isizidi 8 (10 kwa nchi zinazoendelea).

Udhaifu mkubwa wa sasa uko kwenye rufaa. Chombo cha Rufaa cha WTO hakina majaji wa kutosha tangu Desemba 2019, baada ya Marekani kuzuia uteuzi. Anayeshindwa anaweza kukata rufaa kwenye chombo kisichofanya kazi, na kesi ikaning'inia.

Kuna mkataba wa kikanda. Kwa nini wafanyabiashara wengi hawautumii?

Kwa sababu ya kanuni za uasilia. Ushuru wa 0 ni kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya eneo, na hilo huthibitishwa kwa nyaraka: ama namba ya HS imebadilika kutoka malighafi hadi bidhaa, ama sehemu fulani ya thamani imeongezwa ndani. Magari ya Amerika Kaskazini yalihitaji asilimia 62.5 chini ya mkataba wa zamani. Mkataba uliochukua nafasi yake mwaka 2020 ukapandisha hadi 75. Kama nafuu ya ushuru ni asilimia 3 na kutunza nyaraka kunagharimu 4, mfanyabiashara mwenye akili hulipa ushuru.

Pia mkataba unaweza kuhamisha ununuzi kutoka kwa mzalishaji wa bei nafuu aliye nje hadi kwa ghali aliye ndani. Mchumi Jacob Viner alilieleza hilo mwaka 1950. Dawa yake ni kushusha ushuru wa nje sambamba na ule wa ndani.

Kuzuia bidhaa isitoke nchini nako ni kulinda soko?

Ndiyo, na katika chakula kuna madhara ya haraka. Katika msukosuko wa 2007 na 2008 nchi kubwa zinazouza mchele, zikiwemo India na Vietnam, zilibana mauzo yao. Wanunuzi wakaogopa na kulimbikiza, na bei ya dunia ikapanda karibu mara tatu ndani ya miezi michache, ingawa mavuno hayakuwa mabaya. Mkulima aliyezuiwa kuuza kwa bei nzuri hupunguza kupanda msimu unaofuata.

Nikisoma tangazo la ushuru mpya, nianzie wapi?

Anza na namba ya HS, si jina la bidhaa, majina hupotosha. Tazama kama bidhaa hiyo inanunuliwa na walaji au ni malighafi ya viwanda vingine, na hao wanaajiri wangapi. Linganisha kiwango kipya na kile nchi ilichoahidi WTO. Soma orodha ya waliosamehewa ushuru huo, maana hapo ndipo ushawishi unapoacha nyayo. Tafuta tarehe ya mwisho. Halafu uliza nchi jirani inatoza kiasi gani: pengo likiwa kubwa na mpaka ni mrefu, magendo yatakula mapato na ulinzi vyote viwili.

Nchi inaweza kufungua soko lake peke yake, bila kusubiri mkataba?

Inaweza, na sehemu kubwa ya faida huipata hata wengine wasipofungua, kwa kuwa faida ya kwanza ni ya wanunuzi na viwanda vyake yenyewe. Chile ilianza kupunguza ushuru peke yake katikati ya miaka ya 1970 na kufikia kiwango kimoja cha asilimia 10 kwa karibu kila bidhaa mwaka 1979. Katika msukosuko wa madeni wa miaka ya 1980 ilipandisha tena kwa muda. Tangu 2003 kiwango chake cha kawaida ni asilimia 6. Usawa huo ni muhimu kuliko udogo wa namba: pale bidhaa zote zinapotozwa sawa, afisa wa forodha hana sababu ya kubishana juu ya kifungu, na mwenye kiwanda anayekwenda wizarani kuomba asilimia yake ya pekee anakuta kila mwenzake ana sababu ya kumpinga.